Nilikosea mimbarini: kuhusu video ya dinosaria waliokula majani



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote, tunavyovijua na tusivyovijua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu, darsa ya leo ni ndefu, na inaanza na kosa langu mwenyewe. Asiye na nafasi sasa hivi aihifadhi, aisome baada ya Isha. Ninachoomba ni kimoja tu: asiisambaze kabla hajaimaliza. Kusambaza kabla ya kumaliza ndiko kulikonifikisha kwenye aibu ninayotaka kuwasimulia.

Ijumaa tatu zilizopita nilipanda mimbari nikasema kwamba wale wanyama wakubwa wa kale, dinosaria, wote walikuwa wakila majani. Nikasema hata yule mwenye meno kama visu, wanayemwita T. rex, alikuwa akitafuna majani na matunda kwa amani mpaka pale baba yetu Adam (alayhis salaam) alipoteleza, ndipo wanyama wakaanza kulana. Nikaongeza kwamba wanasayansi wanalijua hilo ila wanalificha. Watu wakatikisa vichwa. Nilishuka nimeridhika na nafsi yangu, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Nilitoa wapi maneno hayo? Kwenye video. Ililetwa katika kundi letu la WhatsApp na watu watatu kwa siku moja. Dakika nne, Kiswahili safi, qaswida inasikika kwa chini, mwanzo kabisa kuna Bismillahi. Nikaona inatosha. Mimi niliyeingia chuoni nina miaka sita, ninayewafundisha watoto wa watu maana ya isnadi, nilipokea habari kutoka kwa mtu nisiyemjua jina, naye sijui kapokea kwa nani, nikaipandisha mimbarini.

Baada ya swala nilimkuta mlangoni binti mmoja wa madrasa yetu, yuko kidato cha nne, amesimama na mama yake. Akanipa shikamoo, kisha akasema, "Shehe, naomba unitajie ile aya ya dinosaria iko sura gani. Mwalimu wa baiolojia kaninyima alama zote kwenye swali lile, nami nilijibu kama ulivyotufundisha darsani Jumatano. Nataka nimpelekee aya."

Maana nilikuwa nimeshayasema na darsani pia, Jumatano ile kabla ya Ijumaa.

Nikamwambia, "Mwanangu, nitakuletea kesho."

Usiku ule nilikaa na vitabu. Nilipitia aya za kuumbwa kwa Adam katika Al-Baqara, Al-A'raf, Al-Hijr, Twaha na Swaad. Nikafungua tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy, nikafungua ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, nikarudi kwa Ibn Kathir. Hakuna. Hakuna aya isemayo wanyama wote walikula majani. Hakuna hadithi sahihi isemayo simba alianza kula nyama kwa sababu ya Adam. Kisha kijana wangu mmoja anayejua mambo ya mitandao akanitafutia video yenyewe ilikotoka. Ni ya Kimarekani. Msemaji yuko ukumbini, na mkononi ana Biblia iliyofunguliwa. Aliyeitafsiri kaondoa picha ya Biblia, kaondoa neno Mwanzo sura ya kwanza, kaweka Bismillahi na qaswida.

Basi hebu tulijue jambo hili na watu wake, ili usije ukasema Shehe amekwenda kwa wanasayansi na kuiacha dini.

Huko Marekani kuna kundi la Wakristo wa Kiprotestanti wanaoamini kwamba dunia ina umri wa takriban miaka 6,000 tu. Hesabu yao inafanana sana na ya askofu mkuu mmoja wa Ireland, James Ussher, ambaye mwaka 1650 alichapisha kitabu akidai dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Taasisi yao mashuhuri ni Answers in Genesis, ambayo Ken Ham, mzaliwa wa Australia, ameiongoza kwa miaka mingi. Mwaka 2007 walifungua jumba la maonyesho huko Petersburg, jimbo la Kentucky, ambamo utakuta sanamu za watoto wa binadamu wakiwa pamoja na dinosaria. Mafundisho yao ni kwamba mwanzoni Mungu aliwapa wanyama wote mimea kuwa chakula, kama wanavyosoma katika Mwanzo 1:30. Tena wanasema kifo hakikuwepo duniani mpaka Adam alipofanya dhambi, na hapo hutegemea waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya tano. Ukishayakubali hayo mawili, huna njia nyingine: ni lazima T. rex awe alikula majani. Hawakuyapata kwenye mifupa, ndugu yangu. Waliyapata kwenye itikadi, ndipo wakaenda kuitafutia mifupa.

Nao si Wakristo wote. Kanisa Katoliki halimlazimishi muumini wake kuamini dunia ya miaka 6,000, na wapo wanasayansi wengi Wakristo wanaolikataa jambo hilo waziwazi. Kwa hiyo nisimwone mtu anaichukua darsa hii akamtukane jirani yake. Al-An'am aya ya 108 mnaijua.

Sasa tuulizane sisi kwa sisi. Itikadi hiyo imesimama juu ya nini? Imesimama juu ya fundisho kwamba dhambi ya Adam iliharibu uumbaji wote, ikamwachia kila kiumbe laana. Na sisi tunasema nini? Tunasema Adam aliteleza, akatubu, Mola wake akamkubalia toba. Ipo katika Al-Baqara aya ya 37. Tunasema hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Ipo katika Al-An'am aya ya 164, na Allah ameirudia katika sura nyingine kadhaa. Mtoto wako mwenyewe hajazaliwa na dhambi ya Adam. Leo unataka simba azaliwe nayo? Unataka chui wa Nachingwea awe analipa deni la baba yetu kila akikamata mbuzi?

Hapa ndipo nilipojiona mjinga kuliko wote. Kila Jumapili vijana wetu wanashindana na watu mitaani kuhusu dhambi ya asili, na Ijumaa mimi imamu wao naileta dhambi ya asili ndani ya msikiti, nimeivika kanzu na kofia.

Tazama na upande wa pili. Katika Al-Maida aya ya 4, Allah ametuhalalishia kile wanachotukamatia wanyama tuliowafundisha kuwinda. Mbwa anamkimbiza sungura, anamkamata kwa meno, nawe ukiwa umetaja jina la Allah ulipomtuma, nyama ni halali kwako. Kama kuwinda kwa meno ni matunda ya dhambi, vipi Allah akuhalalishie matunda hayo? Na katika Hud aya ya 6 tumeambiwa kwamba hakuna mnyama ardhini ila riziki yake iko kwa Allah. Riziki ya swala ni majani. Riziki ya simba ni swala. Ukisema riziki ya simba ni kasoro iliyoingia baadaye, unamkosoa nani?

Wapo watakaosema, "Shehe, lakini ni vizuri kuamini kwamba mwanzoni palikuwa na amani." Vizuri kwa nani? Jambo la ghaibu hatuliamini kwa kuwa linapendeza.

Mwingine atasema, "Malaika walipouliza kuhusu kumwaga damu katika Al-Baqara aya ya 30, si dalili kwamba damu ilikuwa haijamwagwa?" Kinyume chake iko karibu zaidi. Wafasiri wengi wamejiuliza malaika walijuaje habari ya damu, na baadhi yao wakasema ni kwa sababu ya majini waliokaa ardhini kabla yetu. Sisemi aya hiyo inawazungumzia dinosaria. Nasema huwezi kuisoma na kutoka na hukumu kwamba kabla ya Adam hapakuwa na damu.

Haya. Tumemaliza kwamba dini yetu haitulazimishi kuamini majani ya T. rex. Limebaki swali la pili: je, ukweli wenyewe ni upi? Na hapa nataka uje nami kwenye Surat Yusuf.

Ndugu zake Yusuf walikuja usiku wakilia, wana kanzu yenye damu, wanasema mbwa mwitu kamla. Mzee Yaaqub (alayhis salaam) hakuwaamini. Wafasiri wamepokea kwamba aliitazama kanzu akaiona nzima, haikuraruka hata mahali pamoja. Mbwa mwitu gani huyo mwenye adabu, amle mtoto na kanzu isichanike? Jino linaacha alama. Pasipo na alama, hapakupita jino. Ukisonga mbele kidogo utaikuta kanzu nyingine, ile iliyochanika nyuma kule Misri, na shahidi wa nyumbani akahukumu kwa mchaniko: ukiwa mbele, mwanamke ni mkweli, ukiwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Makadhi wetu huitaja kanzu hiyo wanapozungumzia qarina, yaani dalili zinazozunguka tukio ambalo hukuliona.

Wanaochunguza mifupa ya kale wanafanya kazi hiyo hiyo. Hawakuwepo. Lakini wanayo kanzu.

Anza na meno, maana fiqhi yetu pia huanzia hapo. Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) alikataza kuliwa kwa kila mnyama wa kuwinda mwenye chonge na kila ndege mwenye kucha za kushambulia. Imo katika Sahihi Muslim kutoka kwa Ibn Abbas. Kwa hiyo miaka 1,400 sasa mafakihi wanamtambua mnyama kwa silaha zake. Sheikh Kamaluddin ad-Damiri wa Misri, Mshafii kama sisi, aliyefariki mwaka 808 Hijria, ameandika kitabu kizima, Hayatul Hayawan, akimtaja mnyama mmoja mmoja pamoja na hukumu yake. Kabla yake al-Jahidh aliandika jinsi wanyama wanavyolana, mdogo kwa mkubwa. (Najua al-Jahidh alikuwa Muutazila. Msinitumie ujumbe.)

Jino la T. rex, pamoja na mzizi wake, hufikia sentimita 30. Lipime na rula ya mtoto wa shule: rula nzima. Ni nene kama ndizi, na kingo zake zina vijino vidogo vidogo kama msumeno.

Video ikajibu kwamba panda wa China ana meno makali na anakula mianzi. Kweli kabisa. Na popo wetu hapa ana meno makali na anamaliza mabibo shambani. Kwa hiyo nakubali: jino peke yake ni shahidi mmoja. Ndiyo maana tunamwita shahidi wa pili.

Shahidi wa pili ni tumbo. Huko Uingereza, mwaka 1983, katika shimo la udongo wa matofali jimboni Surrey, ilipatikana mifupa ya dinosaria aliyepewa jina la Baryonyx. Mahali palipokuwa tumbo lake zilikutwa magamba ya samaki yaliyoanza kuliwa na asidi ya tumbo, pamoja na mifupa ya dinosaria mwingine mchanga. Na Canada, mwaka 2011, kwenye mgodi wa jimbo la Alberta, alipatikana Borealopelta, mwenye magamba magumu mgongoni mfano wa kakakuona. Tumbo lake lilikuwa limehifadhika mpaka chakula cha mwisho, nacho kilikuwa majani, mengi yakiwa ya kangaga. Umeona insafu hiyo? Wanasayansi hawasemi wote walikula nyama. Aliyekutwa na majani wamesema majani. Aliyekutwa na samaki wamesema samaki.

Shahidi wa tatu ni kinyesi. Samahanini, lakini sisi ndio watu wa mlango wa twahara, tusione haya. Kinyesi kikifukiwa haraka mahali panapofaa, baada ya muda mrefu hugeuka jiwe. Mwaka 1998 watafiti walitangaza jiwe la namna hiyo kutoka Saskatchewan, Canada, lenye urefu wa sentimita 44. Kwa ukubwa wake, umri wa tabaka lake na mahali lilipokutwa, ni vigumu kumpata mwenyewe mwingine zaidi ya T. rex. Ndani yake mlikuwa na vipande vingi vya mifupa ya dinosaria mla majani. Mla majani hanyi mifupa.

Kwa upande mwingine, mwaka 2005 yalichunguzwa mawe kama hayo kutoka India, ya wale dinosaria wenye shingo ndefu, yakakutwa na chembe ndogo za silika zinazotengenezwa ndani ya nyasi. Kabla ya hapo wataalamu wengi walikuwa wakisema nyasi zilikuja baada ya dinosaria kwisha. Walikosea, wakarekebisha.

Shahidi wa nne ndiye aliyeniinamisha kichwa. Ni jeraha lililopona. Mwaka 2013 walitangaza pingili mbili za mkia wa dinosaria mla majani, wa wale wenye mdomo kama wa bata, kutoka South Dakota huko Marekani. Kati ya pingili hizo limo jino la T. rex, limevunjikia humo humo, na mfupa umeota ukalizunguka. Fikiri. Mfupa wa maiti hauoti. Mnyama huyo aling'atwa akiwa hai, akaponyoka, akaishi na jino la adui yake mkiani mpaka pakapona. Utaniambia T. rex alikuwa anatafuta majani kwenye mkia wa mwenzake?

Na Mongolia, mwaka 1971, walifukuliwa wawili waliokufa wakipigana, mchanga ukawafunika: mmoja kucha yake iko shingoni mwa mwenzake, na mwenzake kamng'ata mkono. Wako hivyo hivyo mpaka leo.

Nitasimama kidogo kwa Oviraptor, kwa sababu kisa chake kinatuhusu kuliko vyote. Mwaka 1923, Mongolia, ilikutwa mifupa ya dinosaria mdogo juu ya mayai. Mayai yale yalidhaniwa ni ya mnyama mwingine. Mwaka 1924 Henry Fairfield Osborn akampa jina Oviraptor, maana yake mnyang'anyi wa mayai, ingawa yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba jina hilo huenda likapotosha. Miaka karibu 70 mnyama wa watu anaitwa mwizi. Mwaka 1993 likapatikana yai la aina ile ile likiwa na kitoto ndani yake, na kitoto kile ni cha ukoo wa Oviraptor. Baadaye wakapatikana wengine wa ukoo huo wamekalia mayai kama kuku anavyoatamia. Kumbe hakuwa mwizi. Alikuwa mzazi.

Yule mwenye video angekuambia, "Unaona? Wanasayansi ni waongo, kila siku wanabadilisha." Mimi nakuambia kinyume chake. Walimsingizia mnyama, wakapata dalili, wakamsafisha hadharani, wakaandika kwenye majarida yao. Wewe na mimi lini tulimsafisha mtu tuliyemsingizia kwenye kundi la WhatsApp?

Sasa nirudi nyumbani, maana kuna wengine wamenijia na hoja nyingine kabisa: eti dinosaria hawakuwepo, mifupa imetengenezwa na makafiri kiwandani ili kutuvuruga. Ndugu yangu, mimi ni mtu wa Lindi. Usiniletee hilo.

Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini-magharibi ya mji wetu, mwendo wa kama kilomita 60. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini. Kuanzia 1909 hadi 1913 Wajerumani wakaleta msafara wa kuchimba, wakiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig. Na nani alichimba? Babu zetu, mamia yao, wakiwa wametoka juzi tu kwenye Vita vya Majimaji na njaa iliyofuata. Msimamizi wao mkuu, aliyejua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja, aliitwa Boheti bin Amrani. Sikiliza jina hilo vizuri. Mifupa ilifungwa, ikabebwa vichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu mpaka bandarini hapa Lindi, zaidi ya tani 200, ikapakiwa merikebuni kwenda Ujerumani. Leo mnyama wa Tendaguru anayeitwa Giraffatitan amesimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Kwamba mifupa ile iko kwao na si kwetu, hiyo ni darsa nyingine, na nina maneno yangu.

Kwa hiyo anayesema mifupa ni ya kiwandani anawaambia wazee wa Lindi kwamba walibeba plasta vichwani.

Na Tendaguru inasema nini kuhusu chakula? Giraffatitan alikuwa mla majani bila shaka: shingo ya kufika juu mitini, meno ya kuchuma na si ya kurarua. Enzi hiyo, takriban miaka milioni 150 iliyopita, miti yake ilikuwa jamii ya misonobari, na chini kangaga na mimea ya jamii ya mtapo. Mwenzake Kentrosaurus, mwenye miiba mgongoni na mkiani, alikula mimea ya chini. Na katika ardhi hiyo hiyo yalipatikana meno yaliyochongoka, yenye kingo za msumeno. Mwenye miiba mkiani alikuwa anamwogopa nani, kama wote walikuwa wala majani?

Video inasema pia mifupa yote ilizikwa na gharika ya Nuhu (alayhis salaam) kwa mara moja. Kule Tendaguru matabaka yenye mifupa ni matatu, na kati yake kuna matabaka ya mchanga yenye makombe ya bahari. Bahari ilikuja, ikarudi, ikaja tena. Gharika moja haiachi hesabu ya namna hiyo. Na Qur'ani haikutuambia kwamba gharika ndiyo iliyozika dinosaria.

Na umri wa dunia je? Qur'ani haikuutaja. Imetuambia kwamba siku moja kwa Mola wetu ni kama miaka 1,000 ya hesabu yetu (Al-Hajj 47), na ikataja siku ya miaka 50,000 (Al-Maarij 4). Hata Harun Yahya wa Uturuki, ambaye nadharia ya mageuko aliipiga vita kuliko mtu yeyote ninayemjua, alijaza kitabu chake picha za mabaki ya viumbe na kuyaandikia umri wa mamilioni ya miaka. Miaka 6,000 si yetu, si ya Qur'ani, wala si ya wapinzani wetu wa kawaida. Ni ya Ussher na wenzake.

Hapa nijue kuna anayenisubiri: "Shehe, basi unakubali binadamu ametoka kwa nyani?" Sikusema hivyo, na itikadi yangu kuhusu kuumbwa kwa Adam kwa udongo mnaijua tangu miaka mingi. Ndiyo maana nimeudhika. Suala la Adam lina aya zake wazi, lina wanazuoni wake, tunaweza kukaa tukalizungumza kwa elimu. Unapolifunga pamoja na T. rex mla majani, unamwambia kijana wa kidato cha nne kwamba vyote viwili ni kifurushi kimoja. Siku atakapoliona jino lile ndani ya mfupa uliopona, atakitupa kifurushi chote. Nimeshaongea na vijana wa namna hiyo. Mmoja alikuwa mwanafunzi wangu, leo haswali, na jambo la kwanza alilonitajia halikuwa falsafa wala pombe. Lilikuwa jambo aliloambiwa na ustadhi wake kwamba limo ndani ya Qur'ani, akatafuta, halimo.

Na nyie wa upande wa pili, mnaonitumia tayari ujumbe kwamba Qur'ani iliwataja dinosaria zamani, nanyi tulieni. An-Nur aya ya 45 imesema Allah ameumba kila mnyama kwa maji, wako watambaao kwa matumbo, waendao kwa miguu miwili na waendao kwa minne, na kwamba anaumba atakacho. T. rex wa miguu miwili ameingia humo, Giraffatitan wa miguu minne ameingia, na kuku wako pia ameingia. Hiyo ni aya ya uwezo wa Allah. Si katalogi ya makumbusho.

Aya ninayoikumbuka mimi siku hizi ni ya 50 ya Surat Twaha. Firauni anamwuliza Musa (alayhis salaam) Mola wake ni nani, naye anajibu kwamba ni yule aliyekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza. Umbo kwanza, kisha uongofu wa kulitumia. Mwenye jino la kuchuma akaongozwa kwenye jani, na mwenye jino la kurarua akaongozwa kwenye nyama. Nikimtetea T. rex kwa kumfanya mla majani, nimelikanusha umbo alilopewa na aliyempa.

Tena Al-Baqara aya ya 160 imewaweka kando na laana wale wanaotubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Wanazuoni wamelisimamia sana neno hilo la mwisho kwa mtu aliyepotosha watu hadharani: toba ya chumbani haimtoshi. Kwa hiyo Ijumaa hii, in shaa Allah, nitapanda mimbari ile ile na kusema nilikosea, kwa sauti ile ile. Video nimeifuta kwenye simu yangu, na wale watatu walioileta nimewaandikia mmoja mmoja. Wawili wamejibu. Wa tatu kanitumia nyingine, ya nguva.

Yule binti nilimwendea kwao jioni ya pili, baba yake akiwepo. Nikamwambia, "Mwanangu, aya hakuna. Kesho umwambie mwalimu wako kwamba jibu lile hukulitoa kwenye Qur'ani, ulilitoa kwa Shehe wako, na Shehe wako kakosea." Akaniuliza kama nitamwandikia barua. Nimeandika, nimetia sahihi, na namba ya simu nimeweka. Alama zake tano sidhani kama zitarudi.

Wallahu aalam.